Bastola ya Upepo na Mkono wa Somoe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya michezo, Kilwa Masoko, nilikabidhiwa pampu. Sikukabidhiwa meza, kwa sababu meza ilikuwa moja na Mzee Likwena alikuwa ameiegemea, wala kiti, kwa sababu kiti changu kilikuwa kimeazimwa msibani na hakijarudi. Pampu yenyewe ilikuwa ya mkono, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli, na sindano yake ilitunzwa ndani ya chupa ya dawa ya macho. Mzee Likwena ndiye aliyekuwa afisa michezo kabla yangu, na karibu yote ninayoyajua alinifunza yeye. Alinitazama nikiigeuzageuza ile pampu, akasema, "Kijana, wengine watakuambia kazi yetu ni vipaji. Kazi yetu ni upepo. Mpira usio na upepo ni kofia."

Nawaandikia nyinyi mliobaki ofisini. Habari za vyeo vyangu mlizisikia kwenye sherehe ya kuniaga, ingawa mshereheshaji alisoma vya mtu mwingine, nami sikumkatiza kwa kuwa vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Hapa nataka kusema juu ya kazi tu.

Mambo ya msingi ni machache. Sindano ya pampu uilowanishe kwa mate kabla hujaitia mpirani, la sivyo itavunjika na utabaki kumlaumu shetani. Usijaze mpira ukalegea kidogo kwa huruma, wala usiujaze mpaka ulie. Na usisafiri na sindano moja. Mzee Likwena alisafiri na sindano moja kwenda Mitole, kwenye fainali ya vijiji, ikavunjika wakati wa mapumziko na mpira umesinyaa. Akachukua kalamu ya refa, akatoa wino, akautia ule mrija mpirani na kupuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka. Mechi ikaendelea. Dakika chache baadaye beki wa Mitole akamvua mpinzani wake bukta mbele ya watu wote, na refa hakuweza kumwandika kwa sababu hakuwa na kalamu. Mitole wakachukua kombe. Mpaka leo kule wanasema ushindi ule ulitoka kwa Mungu.

Basi nimekula mshahara wa upepo miaka yote hiyo. Ndiyo maana barua ilipokuja kutoka mkoani, karibu na mwisho wa utumishi wangu, sikushtuka kama walivyoshtuka wengine. Ilisema kila wilaya ipeleke Lindi mchezaji mmoja wa kulenga shabaha kwa bastola ya upepo, umbali wa mita kumi. Mzee Likwena alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilitamani sana angeiona barua ile.

Mkoa ulituma mkufunzi na bastola moja kuukuu ili tumtafute mtu. Tulifanyia Kivinje, nyuma ya jengo la zamani la Wajerumani, tukaweka ubao mbele ya ukuta na karatasi ya shabaha juu ya ubao. Walikuja walimu, madereva, wauza samaki, hata imamu alipita akasimama kidogo. Dereva wa halmashauri, ambaye kila siku alitusimulia mambo yake ya jeshini, alipiga birika la mama ntilie lililokuwa upande mwingine kabisa. Mama ntilie akauliza kama hayo ndiyo mashindano yenyewe au bado.

Hapo ndipo alipotokea Somoe. Ni muuguzi wa zahanati ya Mitole, alikuwa amekuja kuchukua chanjo, boksi la barafu begani. Akatazama, akaliweka boksi chini, akaomba kujaribu. Risasi ya kwanza aliipiga kwa mkono wa kulia, ikaenda inakokujua. Akaangalia huku na huku, akatupa mgongo sote kama mtu anayetaka kujifunga kanga vizuri, akaihamishia bastola mkono wa kushoto. Risasi tano. Mkufunzi akaenda kuitazama karatasi akarudi nayo mkononi: risasi zote tano, tundu moja.

"Umejifunzia wapi, dada?" akamuuliza.

"Kwenye sindano za watoto," Somoe alijibu. "Nikishamgeuza mtoto, hajui mkono gani umemchoma."

Baadaye, tukimsindikiza kwenye gari, alinieleza kwa sauti ya chini. Baba yake ni Mwalimu Selemani, anayefundisha chuo cha Kurani pale Kivinje. Alipokuwa mdogo, baba yake aliufunga mkono wake wa kushoto kwa kipande cha kanga mpaka akazoea kula, kuandika na kusalimia kwa wa kulia. Hakuna mzazi wa pwani atakayemlaumu. Lakini mkono wa kulia ulijifunza adabu tu, haukujifunza utulivu. "Mzee wangu," aliniambia, "nataka nisimame mbele ya watu mara moja tu, nishike kitu kwa huu, nisione haya." Aliyasema hayo huku ameuficha ule mkono chini ya boksi la chanjo. Nilimpenda tangu siku ile kama binti yangu.

Mkufunzi aliondoka na bastola yake, ikabidi tuchague yetu. Kamati ya manunuzi ilikutana. Alikuwepo diwani, mhasibu, karani, na bwana mifugo ambaye aliwahi kuteuliwa kwa ajili ya ununuzi wa majogoo na hakuna aliyekumbuka kumtoa.

"Inaua nini?" aliuliza bwana mifugo.

"Haiui," nikamjibu. "Inatoboa karatasi."

"Karatasi imekosa nini?"

Swali hilo lilituchukua nusu ya kikao. Diwani akasema wapiga kura wake wana shida ya ngedere mashambani, hivyo kama kuna bastola inayoweza kutoboa karatasi asubuhi na kutisha ngedere jioni, ichaguliwe hiyo. Mhasibu akataka kujua kama upepo wake unauzwa kwa kilo au kwa lita. Nikasema upepo ni wa Mungu, tutaujaza wenyewe. Mhasibu akaandika: upepo, bure.

Kwa faida yenu, nawapa niliyojifunza kutoka kwa wakala wa Dar es Salaam, maana iko siku mtachagua nyinyi. Bastola hizi ziko za namna tatu. Kuna ya kukunja, ambayo kabla ya kila risasi unaikunja mwenyewe ili isindilie hewa. Haina gharama, lakini risasi ni nyingi, na ukifika katikati mkono unatetemeka kama wa mtu aliyetwanga mpunga wa harusi. Ya pili inatumia gesi ya chupa, ile ya kwenye soda. Hii ni laini, ila gesi hubadilika na joto, na joto la Lindi mnalijua. Asubuhi itapiga juu, mchana itapiga juu zaidi. Ya tatu ina mtungi wake mdogo chini ya mdomo, unaujaza hewa iliyoshindiliwa sana kutoka mtungi mkubwa, nao unatosha shindano zima. Tulichagua hiyo, kwa kuwa wazamiaji wa hoteli moja hapa Masoko wana mitungi mikubwa ya hewa. Fundi baiskeli alijitolea pampu yake ya mguu. Tulimshukuru. Alitaka kwanza kujaribu, akapampu mpaka shati likalowa, na mtungi haukujua kama kuna mtu.

Lakini kumbukeni hili kuliko yote: mdomo wa bastola hauchagui mtu, kishikio ndicho kinachochagua. Kishikio cha bastola ya mashindano huchongwa kufuata kiganja, kina shimo la kidole gumba na kibao cha kuegemeza mkono chini. Kikikukataa, hata bastola ya sultani haitakusaidia. Ndiyo maana wakala aliandika: "Tafadhali tuma mchoro wa mkono wa mpigaji."

Tulimwita Somoe mbele ya kamati. Akaingia, akaamkia, "Shikamooni." Wazee wakaitikia, "Marahaba." Karani akatandaza karatasi, akashika penseli, akamwambia kwa heshima zote, "Haya dada, tupe mkono."

Sasa niambieni nyinyi, mtoto wa mwalimu wa chuo, mbele ya diwani na watu wazima, akiambiwa atoe mkono, atatoa upi? Alitoa wa kulia. Karani akauchora. Bwana mifugo akasifu vidole. Mimi niliyeona kwa macho yangu ule wa kushoto ukitoboa tundu moja mara tano, niliuona wa kulia ukiletwa na sikushtuka, kwa sababu hakuna Mswahili anayeshtuka akiletewa mkono wa kulia. Somoe mwenyewe aliniambia baadaye kwamba aligundua akiwa Mitole, anakula, na tonge likamwangukia.

Nilipopiga simu Dar es Salaam, bastola ilikuwa imeshatoka. Ilifika kwa basi kwenye sanduku zuri la bluu, tukaipeleka kuhifadhiwa polisi kama inavyotakiwa, na kila zoezi askari mmoja alikuja nayo na kutukodolea macho. Ilikuwa bastola ya kupendeza. Somoe aliishika kwa mkono wa kulia, kishikio kikamkaa kama pete kwenye kidole. Akapiga, akakosa ubao. Akaishika kwa kushoto, shimo la kidole gumba likawa upande usio na kidole gumba. Tulikuwa tumebakiwa na wiki mbili.

Kamati ikaitishwa kwa dharura. Diwani akaiomba ile nakala ya mchoro, akaitazama, akaigeuza upande wa pili na kuinua kwenye mwanga wa dirisha. Kweli, mkono ukawa wa kushoto.

"Kosa liko wapi?" akauliza. "Waambieni wageuze karatasi."

"Mheshimiwa, mti umeshachongwa."

"Basi wageuze mti."

Ndipo bwana mifugo, ambaye sikumtegemea, akasema maneno ya maana. Alisema kule Mtama kuna mchonga vinyago, Mmakonde, anaitwa Fundi Anselmi, aliyewahi kumchongea jino la mpingo mbwa wa padri. Sikuuliza mbwa alilitumiaje. Kesho yake mimi, Somoe na askari wetu tulikuwa njiani.

Fundi Anselmi alikuwa mtu mfupi, mwenye nyusi zilizojaa vumbi la mpingo. Aliangalia bastola, akakifungua kishikio cha kiwandani kwa bisibisi, akakitupa kwenye kapu la taka kisha akakirudisha kwa sababu askari alikuwa anatazama. "Mimi sichongi kwa karatasi," alisema. "Nataka alama ya kiganja chenyewe. Ningekuwa na udongo wa kufinyangia ungeukamata, lakini sina." Akafikiri. Mkewe alikuwa jikoni anasonga ugali wa muhogo. "Mama, lete ugali huo. Lete mgumu."

Likaja tonge la kutosha watu wawili, linafuka moshi. Tukalisubiri lipoe. Fundi akasema, "Haya mwanangu, kamata. Kwa mkono unaopigia."

Somoe akalitazama lile tonge. Ugali, kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu, nyumbani kwa watu! Mke wa fundi naye alikuwa ameshika mwiko hewani. Wao ni Wakatoliki, lakini mkono wa kushoto kwenye ugali hauna dini.

"Sijawahi," Somoe alisema.

"Huli," fundi akamwambia. "Unapimwa."

Akafumba macho, akalikamata. Alilikamata kwa nguvu mpaka vidole vikazama, na machozi yakamtoka huku anacheka. Nami nilifanya kama ninayetazama mikorosho.

Tuliliweka tonge juani likauke. Tuliporudi kutoka kunywa chai, jogoo wa fundi alikuwa ameshakula kidole gumba na anaanza cha shahada. Somoe akalikamata tonge la pili, safari hii macho wazi, na mke wa fundi akakaa kigodani kulilinda mpaka likauka.

Kishikio kilikuwa tayari baada ya siku chache. Kilikuwa cha mpingo mtupu, kimemkaa Somoe kama aliyezaliwa nacho. Kilikuwa kizito, ikabidi fundi akitoboe ndani ili bastola isivuke uzito unaoruhusiwa. Tatizo lilikuwa moja. Chini kabisa, pale mkono unapoishia, palikuwa na uso: macho makubwa, meno, na masikio mawili.

"Fundi, hiki nini?"

"Shetani," alijibu, kana kwamba nimemuuliza habari ya mchana. "Mti haukubali kukaa bila mtu."

Wakati huo huo habari zilikuwa zimeshaenea. Mnajua neno upepo kwetu lina mambo yake. Mtu akisikia ofisi ya serikali imenunua bastola ya upepo, hafikirii mpira, anafikiria mtoto wake anayelia usiku kwa upepo mbaya. Mama mmoja wa Kivinje alikuja ofisini na mtoto mgongoni.

"Nimeambiwa mnaupiga upepo."

"Hapana mama. Sisi tunapiga karatasi."

"Basi uandikeni huo upepo kwenye karatasi, jina lake nalijua."

Nikamwelekeza kwa Somoe, ambaye alikuta sikio la mtoto limejaa usaha, akampa dawa. Mtoto alipopona, sifa zote zilikwenda kwa bastola.

Sifa hizo ndizo zilizomleta Mwalimu Selemani. Aliingia ofisini na kanzu yake safi, nikasimama, nikamwamkia. Alikuwa amekasirika kwa utaratibu, kama wanavyokasirika walimu. "Bwana Mkwanda," alisema, "nasikia binti yangu mmempa silaha yenye shetani ya kupigia mapepo." Kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli, ndiyo maana lilikuwa gumu kulikanusha. Nikachukua pampu ya Mzee Likwena na mpira uliolegea, nikaujaza mbele yake, nikampa aubonyeze. Nikamwambia huo ndio upepo wenyewe, na binti yake anausukumia kwenye karatasi. Akaubonyeza mpira mara mbili tatu. Alipoa.

"Na anaweza?"

"Anaweza sana, Mwalimu."

"Basi nitakuja Lindi nimwone."

Habari ya mkono hakuuliza, nami sikumwambia. Nilipompa Somoe taarifa, alikaa sakafuni kando ya benchi la zahanati, siyo juu yake. Alisema, "Akiwepo, sitaweza."

Lindi tulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Kwanza waamuzi hukagua bastola. Wanatundika jiwe la nusu kilo kwenye kifyatulio, na kifyatulio kinatakiwa kulinyanyua bila kufyatuka. Sisi tulikipima Kivinje kwa jiwe la nusu kilo la duka la jirani. Kwa jiwe la waamuzi kilifyatuka hapo hapo. Nikakaza skrubu huku nikihesabu moyoni ni sukari kiasi gani mji mzima umepunjwa. Kisha bastola hutiwa kwenye sanduku la kipimo, isizidi. Sikio moja la shetani lilizidi. Waamuzi wakafungua kitabu cha sheria, wakatafuta shetani, hawakumwona. Mwamuzi mkuu akatoa uamuzi kwamba shetani anaruhusiwa ila sikio haliruhusiwi. Askari wetu, ambaye sasa alikuwa shabiki mkubwa kuliko wote, akaliondoa kwa tupa.

Somoe akasimama kwenye mstari. Mwalimu Selemani alikuwa benchi la mbele, tasbihi mkononi. Sheria ya mchezo huu ni mkono mmoja tu, mwingine unapumzika. Ikatoka amri ya kuanza. Somoe akamtazama baba yake, akautia mkono wa kushoto mfukoni mwa koti lake la uuguzi, na kuiinua bastola kwa wa kulia.

Kishikio kilimkataa waziwazi, lile shimo la kidole gumba linapumulia nje, shetani anamtazama kwa jicho moja. Wenzake wakawa wanapiga. Yeye akainua, akashusha. Akainua, akashusha. Haruhusiwi mtu yeyote kumfundisha mchezaji, basi mimi nikawa nimeuma kofia yangu.

Ndipo Mwalimu Selemani akasimama. Ukumbi mzima ulimsikia, kwa sauti ile ile anayowasomeshea watoto.

"Somoe! Mkono wa kulia ni wa kula. Karatasi hailiwi."

Mwamuzi akamgeukia. "Mzee, kaa kimya au utoke nje." Nadhani mtu yule hakuwahi kunyamazishwa tangu azaliwe. Alikaa. Akazifunga tasbihi kiganjani na kuangalia mbele.

Somoe akautoa mkono wa kushoto mfukoni, polepole, akautia wa kulia humo, na kuikamata bastola. Safari hii hakumpa mtu mgongo. Alipiga risasi zake zote bila haraka, kama anayechoma sindano mtoto baada ya mtoto.

Alikuwa wa tatu, nyuma ya askari wawili ambao kazi yao ni hiyo. Mwalimu Selemani aliomba apewe ile karatasi ya shabaha, akaipeleka kwenye mwanga, akatazama kupitia matundu kwa muda mrefu. "Mimi niliufunga," aliniambia, "na angalia ulivyotulia." Mpaka leo karatasi hiyo iko ukutani chuoni kwake, na watoto wanaotumia kushoto hawafungwi tena, wanaambiwa tu wasile kwa mkono huo.

Bastola iko polisi, shetani ana sikio moja. Jazeni mtungi kwa wazamiaji, msiende kwa fundi baiskeli. Pampu ya Mzee Likwena nimewaachia kwenye droo ya meza, na sindano ni mbili.

Siku ya kuniaga, baada ya mshereheshaji kumaliza vyeo vya yule mtu mwingine, watu walipanga mstari kunipongeza. Somoe alikuwa wa mwisho. Nilitaka kumwambia mengi, nikabaki na maneno yale yale ya siku zote.

"Mwanangu," nikamwambia, "nipe mkono."

Akacheka. "Upi, mzee wangu?"